Fête ya Kyungu

Jumamosi hiyo soko lilikuwa limefurika mpaka barabarani. Émerance Kabange alikuwa amesimama mbele ya depo ya viatu, pochi ameibana kwapani, anabishana na kijana wa kaunta ambaye alikataa kabisa kumwelewa.

"Sandale paire mbili, trente-huit, rangi moja," alisema tena. Jozi mbili, namba thelathini na nane.

"Moja rouge, moja noir?"

"Apana. Zote mbili rouge. Zote mbili trente-huit," alisema, akionyesha zile nyekundu.

Kijana akainama juu ya kaunta, akamtazama miguuni. "Mama, miye naona miguu mbili tu. Ile ingine umeificha wapi?"

Wateja wakacheka. Émerance alijikaza asicheke nao, akashindwa. Alikuwa amevaa liputa, kitenge cha maua ya manjano, na blauzi nyeupe ya kanisani, nywele zimesukwa zikarudishwa nyuma, na alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja. Kijana wa kaunta aliona yote hayo, na nadhani aliona zaidi, maana alimsahau kabisa mteja mwingine aliyekuwa anamnyooshea kiatu.

"Niko mapasa," Émerance akamweleza, maana yake ni pacha. "Moja ya miye, moja ya Kyungu, jumelle wangu."

"Unataka kuniambia mu Lubumbashi muko babili namuna hii? Na bantu banatembea tu, banafanya kazi, hakuna mwenye kuanguka mu barabara?"

"Funga sandale zangu, papa. Jua inapanda."

Akazifunga polepole, kama mtu anayefunga mzigo wa kwenda mbali. Kabla hajamkabidhi, alichukua kalamu akaandika kitu ndani ya kifuniko cha katoni moja.

"Namba yangu nimeitia mu karton ya Kyungu," akasema. "Haiko mu ya kwako. Kama weye unakataa kunipigia, pengine yeye iko na huruma."

Jina lake lilikuwa Aaron Kasereka. Depo ilikuwa ya mjomba wake Adalbert, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa akileta viatu kwa kontena. Katikati ya juma Aaron aliuza sandale. Mwishoni mwa juma aliitwa DJ Aaron, na harusi nyingi za mjini zilichezwa kwa mkono wake. Hayo Émerance aliyajua baadaye. Siku hiyo alirudi mtaani kwao Naviundu na katoni zake mbili, akicheka peke yake njiani, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alifanya hivyo.

Hapa lazima nikuambie jambo ambalo Aaron hakuambiwa. Mimi si wa ukoo wao, ulimi wangu haukufungwa. Kyungu alikuwa amekufa. Homa ya matumbo ilimchukua akiwa msichana wa miaka ishirini, mzima, mcheshi, mwenye sauti kubwa kuliko ya mwenzake.

Akina Émerance ni Wakatoliki wa kaskazini ya Katanga, wazee wao waliteremka na kazi ya reli wakabaki. Wanakwenda misa kila Jumapili, lakini mambo ya mapasa hawakuyaachia padri; mapasa wao wote huitwa Kyungu na Kabange, na mji mzima unajua hivyo. Kwao, pacha akiondoka, hakuna anayesema kwamba amekufa, na hakuna anayelia. Ukilia, pacha aliyebaki atasikia anaitwa, atamfuata mwenzake. Kwa hiyo watu huimba zile nyimbo walizoimba siku mapasa walipozaliwa, nyimbo za utani na matusi madogomadogo, wanapiga makofi na kucheka mpaka kaburini. Mama yao ndiye anayecheza mbele. Na tangu siku ile, kila kinachonunuliwa kinanunuliwa viwili, na kila mara mama wa mapasa asikiapo wimbo wa mapasa, popote pale, haketi. Atasimama na kucheza mpaka uishe.

Mama Virginie, mama yake Émerance, alikuwa amefuata hayo yote bila kukosea hata kimoja. Hakuwa ametoa chozi tangu siku ile, kwa sababu alikuwa na binti mmoja wa kumwokoa.

Kwa kawaida katoni ya Kyungu iliwekwa juu ya kabati bila kufunguliwa. Safari hii Émerance aliifungua, akaipiga namba iliyokuwa ndani.

"Allô? Ni nani?"

"Ni Kyungu," alisema Émerance, huku moyo unamdunda kwa aibu na kwa raha.

"Apana. Weye ni Kabange. Kyungu hachekake vile. Yeye anacheka na nguvu, miye namujua."

"Unamujua wapi?"

"Mu kichwa yangu. Iko mule toka ile siku ya soko, anatembea na sandale ya rouge."

Ilikuwa kweli, Kyungu alikuwa akicheka kwa nguvu. Émerance aliishika simu kwa mikono yote miwili, akakaa kitandani.

"Chérie, uliisha kukata?"

"Niko," akasema. "Endelea kusema."

Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza. Aaron alipiga simu asubuhi akifungua depo, alipiga mchana akila, alipiga jioni akifunga, na kila mara alimaliza kwa kusema, "Unisalimie Kyungu." Akinunua michopo, nyama ya kuchoma, alifungiwa sehemu mbili. Alipokuja Naviundu mara ya kwanza, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, aliona kwenye kamba robe mbili, magauni ya namna moja, zimeanikwa bega kwa bega, akatabasamu. Mama Virginie alimkaribisha vizuri, akampa bukari, yaani ugali, na samaki, akamuuliza habari za wazazi wake.

"Na Kyungu haiko leo?" Aaron aliuliza wakati Émerance anamsindikiza. "Iko ku Kasomeno, ku biashara? Bantu ba Naviundu bengi banaendaka kule kuchukua samaki na muhogo."

Émerance alifungua mdomo. Alicheka tu. Aaron akajijibu mwenyewe kwamba ndiyo, Kyungu iko Kasomeno, siku moja atamkuta.

Usimlaumu Émerance haraka. Mwiko ulikuwa sababu moja, na sababu hiyo angeweza kuizunguka kama wengine walivyozoea kufanya, kwa kukohoa kidogo na kutazama chini. Sababu ya pili hakumwambia mtu. Mtaani watu wote waliposema jina la Kyungu walipunguza sauti. Aaron hakupunguza. Kwake yeye Kyungu alikuwa msichana anayechelewa kurudi safari, anayekula michopo ya watu bila kusema asante, anayestahili kutaniwa. Émerance alikuwa na njaa ya kumsikia dada yake akitajwa hivyo, na alizidi kuilisha njaa hiyo siku kwa siku.

Sasa nije kwenye kazi ya Aaron, maana ndiyo iliyowaharibia. Mbali na harusi, alikuwa akitengeneza mix, albamu ndefu isiyokatika, wimbo unaingia ndani ya wimbo mpaka mwisho. Fils, mtu mwenye tumbo na maneno mengi, ndiye aliyezisambaza: kwenye flash, kwenye kadi za simu, kwenye intaneti. Mwaka huo Fils alikuja na sharti jipya.

"Nyimbo ya bantu inatuletea maneno," alimwambia. "Benyewe banalalamika, mix inatolewa ku internet. Tia production yako weye mwenyewe, nyingi. Nyimbo ya Kinshasa mbele, ya Nigeria nyuma, yako katikati. Bantu batameza tu."

Aaron alikuwa nazo nyimbo alizozitengeneza mwenyewe, lakini alijua aibu yake. Zilipigwa vizuri, ngoma mahali pake, besi mahali pake, na kila zilipoanza watu walikwenda kununua bia. Alimwambia Émerance hivyo, kichwa amekilaza begani mwake. "Hazina muntu ndani," alisema.

Wiki hiyohiyo simu ya Émerance ilianza kufa. Kioo kilikuwa kimepasuka, ilijizima ovyo, na ndani yake kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakuwa tayari kukipoteza. Akamletea Aaron.

"Unitolee ile audio, uniwekee fasi muzuri. Ni mama anaimba nyimbo ya mapasa."

Aaron akaiunganisha na mashine zake, akaisikiliza. Makofi. Njuga. Kicheko cha wanawake wengi. Na juu ya vyote sauti ya Mama Virginie, nzito, imejaa, inaita "Kyungu we! Kabange we!" na umati unaitikia. Aaron alisimama wima, mikono kichwani.

"Mais butamu gani hii! Ilikuwa fête gani, sherehe ya nini?"

"Ilikuwa siku ya Kyungu," Émerance alisema, akamgeuzia mgongo, akajifanya anatafuta chaja.

Aaron hakuuliza tena. Alikuwa ameshaanza kupiga kidole mezani, kufuata mwendo wa njuga.

Harusi iliyofuata ilikuwa mtaa wa Golf, kwa ndugu mmoja wa mjomba Adalbert, bustani pana yenye mahema meupe na majani yaliyokatwa usawa mmoja. Aaron alimwalika Émerance na mama yake kama watu wake, wakakalishwa meza ya mbele. Mama Virginie alivaa kitenge cha wax cha bluu chenye ndege, nguo ambayo mwenzake ilikuwa nyumbani juu ya kabati. Émerance alivaa robe ya rangi ya divai iliyomkaa vizuri, na Aaron alipomwona alishika kifua nyuma ya mashine zake kama aliyepigwa. Émerance alicheka. Alidhani siku hiyo angeombwa mkono wake.

Jua lilipoanza kupoa Aaron akachukua mikro, akatangaza. "Leo natoa mix yangu ya mupya! Na ndani mule muko production moja yangu miye mwenyewe. Ni cadeau, zawadi ya muntu mumoja, nalimupenda ku soko. Inaitwa Fête ya Kyungu!"

Gitaa za Kinshasa zikaanza kufifia. Chini yake zikaingia njuga. Émerance alizijua kabla hajajua anazijua. Ngoma nzito ikashuka, watu wakapiga kelele, na sauti ya mama yake ikatokea kwenye spika kubwa, imekatwa, imerudiwa, inaita na kuita: Kyungu we, Kyungu we, Kyungu we.

Mama Virginie akaweka glasi mezani taratibu. Akainuka, akaingia katikati ya majani, akacheza.

Wageni walipagawa. Walimzunguka, wakampigia vigelegele, wakainua simu zao kumrekodi. Alicheza vizuri, hilo lazima niseme, mabega na kiuno kama msichana, mdomo unatabasamu. Émerance peke yake alitazama macho. Yalikuwa makavu, yameganda, yaleyale ya siku ile makaburini.

"Bis! Bis!" watu wakaita. Aaron, jasho linamtoka, furaha imemjaa mpaka shingoni, akairudisha mwanzo.

Émerance alipenya umati mpaka kwenye mashine. "Aaron, zima."

"Banaipenda, chérie! Angalia mama!"

"Zima ile kintu!"

"Mara moja tena, bébé, mara moja tu!"

Ilikuwa mara moja, kisha nyingine. Ilipokwisha Mama Virginie alikuwa anahema mdomo wazi. Émerance akamshika mkono, wakatoka nje ya geti bila kuaga, wakasimama barabarani wakitafuta taksi.

"Nani alimupatia ile sauti?" mama aliuliza ndani ya gari.

"Ni miye, mama."

Mama Virginie akavua viatu, akajikanda miguu. Hakumgombeza. Ni heri angemgombeza.

Simu ililia kesho yake tangu asubuhi. Mwishowe Émerance akapokea.

"Juu ya nini haupokee? Nilikukosea nini, Émerance?"

"Toa ile nyimbo mu mix."

"Nitoe? Ni nyimbo yangu ya kwanza yenye bantu banapenda! Fils aliisha kuitoa, iko mu muji yote. Ni production yangu, chérie."

"Yako?"

"Ngoma ni yangu, basse ni yangu, miye nilichonga yote..."

"Na mama mwenye kuimba mule, ni wa nani?"

"Bon. Nitaandika jina ya mama ku pochette, ku kifuniko ya mix. Ni ile ilikukasirisha?"

"Haiko ile."

"Basi ni nini? Mama alicheza! Nalimuona, alikuwa na furaha kupita bantu bote. Nielezeshe, miye siko muntu wa kwenu, nielezeshe!"

Émerance alikuwa na maelezo yote mdomoni. Yote yalipita mlango mmoja, neno moja, na neno lile hakuwa amelitamka hata siku moja maishani mwake juu ya dada yake. Akakata simu, akaizima.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba yao, palikuwa na baa ya bwana mmoja aitwaye Katongo, mtu mwema, mwenye spika mbovu lakini kubwa. Siku chache baada ya harusi Katongo alinunua mix ya DJ Aaron kama kila mtu. Aliiweka saa za mchana wateja walipokuja kula. Mama Virginie alikuwa anachambua maharage. Njuga zilipoanza, akaweka ungo chini, akasimama.

Ikawa hivyo kila siku. Akiwa anaosha vyombo, atasimama. Akiwa amelala kidogo, atasimama. Walijaribu kuziba masikio kwa pamba, lakini besi ilipita kwenye sakafu ikamfikia kwa miguu. Walijaribu kwenda sokoni, wakaikuta kwa muuza simu, kwa kinyozi, ndani ya taksi. Miguu yake ikavimba mpaka viatu vikakataa kuingia.

"Mama, kaa. Leo tu. Mungu anaona," Émerance alimwomba, amepiga magoti.

"Nikikaa, itakuwa niko mu matanga," mama alimjibu huku anacheza ameshika ukuta. "Na nikiwa mu matanga, weye utaitwa. Nalifanya hii yote juu nibakie na weye. Usinifunge miguu sasa."

Basi kila mara sauti yake mwenyewe ilipomwita kutoka kwa Katongo, mwanamke yule alinunua uhai wa bintiye upya. Émerance alilazimika kukaa kando na kutazama.

Aaron alikuja siku moja mchana, bila kuitwa. Alikuwa amekonda. Mkononi alishika mfuko wenye robe mbili za kijani, kipimo kimoja, zawadi yake ya kuombea msamaha. Alikuta mlango wazi, wimbo wake unatetemesha bati za baa ng'ambo, na Mama Virginie amesimama katikati ya chumba, anacheza, miguu imevimba kama mikate. Kwanza alitabasamu. Kisha akatazama chini.

"Mama iko mugonjwa! Juu ya nini anacheza na ile miguu?"

"Juu ya nyimbo yako," Émerance alisema.

"Akae! Mama, ukae, nakuomba. Na Kyungu iko wapi?" Aligeuka kwa hasira ya kweli. "Vraiment, Émerance! Mama iko namuna hii, na yeye anabakia ku Kasomeno na samaki yake? Dada gani ule? Umupigie, arudie, asaidie mama! Unipatie namba yake, miye mwenyewe nitamuambia!"

Alisimama pale na simu mkononi, tayari kuandika.

"Kyungu alikufa," Émerance alisema.

Mama Virginie alishtuka lakini hakuacha kucheza, wimbo ulikuwa haujaisha. Aaron alibaki na kidole juu ya kioo cha simu. Émerance alimtazama usoni na akaona jambo ambalo hakulitegemea. Aliona Kyungu akifa tena. Katika Lubumbashi nzima palikuwa na kichwa kimoja tu ambamo dada yake bado anatembea, anacheka kwa nguvu, anachelewa kurudi; na yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, ndiye aliyemwua humo. Maumivu yalikuwa mapya kabisa.

"Ile siku," Aaron alisema polepole. "Ile audio. Ile fête."

"Ni siku tulimuzika."

"Na bale bantu banacheka mule ndani?"

"Banacheka juu nisimufuate."

Aaron akakaa sakafuni, mfuko wa robe umemwangukia mapajani. Alibaki hapo mpaka Katongo alipobadilisha wimbo na Mama Virginie akapata ruhusa ya kukaa.

Nisiwe dhalimu kwa kijana yule. Alifanya kila kinachofanyika. Alikwenda kwa Fils akamtaka aiondoe albamu, Fils akamcheka mpaka akakohoa. "Mix haikatwe, petit. Ni kamba moja. Na iko mu simu ya kila muntu, unataka nizunguke nibanyanganye?" Alitengeneza mix nyingine bila wimbo ule, akaigawa bure kwa wauzaji, watu waliisikiliza kidogo, wakauliza Fête ya Kyungu imeenda wapi, wakarudia ya zamani. Alikwenda kwa Katongo kumpigia magoti. Katongo, baada ya kuelezwa, aliizima siku kadhaa. Wateja wakaanza kuipiga kwenye simu zao, mezani, wakiimba kwa sauti ya Mama Virginie bila kumjua.

Mwisho akarudi Naviundu akiwa na shati lake la pasi na mjomba Adalbert ubavuni, kama inavyotakiwa. Mjomba aliomba mkono wa binti kwa maneno ya heshima. Mama Virginie alisikiliza mpaka mwisho, miguu juu ya stuli.

"Papa Adalbert, mutoto wako haiko na roho mubaya," alisema. "Miye nalimusamehe. Kama ni juu ya roho, ningemupatia Kabange leo. Mais muji yote inanichezesha, na siwezi tena. Ndugu yangu iko Kabongo. Tutaenda kule, miye na mutoto. Mama wa mapasa hatembeake peke yake."

Mjomba akaelewa, akainama. Aaron alimwomba Émerance watoke nje.

"Nitakuya na miye Kabongo," akamwambia. "Nitauzisha mashine. Nitaacha muziki."

"Usiache."

"Basi nibakie na nini? Haunipende tena?"

"Nakupenda, Aaron. Ndiyo shida." Alikuwa amejifunga liputa nyeusi ya nyumbani, mikono imelowa sabuni, na alizungumza huku anaifuta. "Zamani ulikuwa unaniambia nimusalimie. Nalirudia ku nyumba na furaha, naona kama iko mu chumba. Sasa ukiniangalia, unaniangalia na huruma. Sipendi ile macho, na haiko kosa yako. Na nikisikia sauti yako, nyuma yake nasikia zile njuga."

"Itapita."

"Pengine. Mais mama haiko na miguu ya kungojea."

Alimshika shavu kwa mkono wenye sabuni, akamwachia.

Basi la Kamina, njia ya Kabongo, liliondoka asubuhi. Aaron alifika mapema kuliko abiria wote. Alikuwa amekwisha kuzungumza na dereva, akampa flash ya nyimbo za kwaya za kumtosha njia nzima, akamwapisha asiweke kitu kingine. Alipandisha mizigo yao kwenye paa kwa mikono yake. Alimbeba Mama Virginie mgongoni mpaka kwenye kiti cha dirishani, naye akamwita "mutoto wangu" mbele ya watu.

Kisha wakabaki wawili karibu na mlango wa basi, katikati ya vifurushi na kuku na watu wanaosukumana. Émerance alivaa moja ya robe zile za kijani. Nyingine ilikuwa ndani ya sanduku.

"Ukifika, unipigie," alisema Aaron.

"Nitakupigia."

"Kila siku?"

"Siwezi kukudanganya."

Aaron aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Dereva akapiga honi. Émerance akainua mguu kupanda, na hapo kitu kikamkatika kifuani. Pumzi ilitoka kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua. Alijiziba mdomo kwa viganja viwili, akatazama juu dirishani kwa hofu, kule alikokaa mama yake. Machozi yalikuwa yameshafika. Hayakuwa ya Aaron peke yake. Yalikuwa ya yule ambaye hajawahi kuliliwa, yameshikwa muda wote huo nyuma ya meno, na alijua, na aliogopa.

Aaron naye alijua. Alimtoa mikono mdomoni, akamkumbatia kichwa kifuani pake, akapaza sauti, kila mtu wa stendi asikie.

"Lia, chérie! Lia yote! Ni miye unalilia, bwana wako unamuacha! Bantu bote banaona, ni miye!"

Watu wakageuka. Mama mmoja mwenye kikapu akasikitika kwa ulimi. "Pole, mutoto," akasema, "siye bote tulilia juu ya banaume." Émerance akalia. Alilia kwa kelele, mpaka shati la pasi likalowa lote, akaita jina ndani ya kifua cha Aaron pasipo mtu mwingine kulisikia. Aaron alilipokea. Aliendelea kusema kwa sauti, "Ni miye, ni miye," mpaka akaishiwa sauti.

Dirishani, jirani wa kiti alimwuliza Mama Virginie kama awaamuru waachane, gari inachelewa.

"Bamuache," Mama Virginie alisema. "Analilia bwana. Ile haikatazwe."

Akavuta ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akajifunika uso. Mabega yake yalianza kutikisika. Alimweleza jirani yule kwamba ni uchungu tu wa kumwona bintiye ameachana na mchumba, na jirani akamwambia ni kweli, mama, ulie.